Mashine Inayofua Nayo Hufuliwa

Leo naomba tuingie bafuni pamoja. Tunakwenda kuitazama mashine ya kufulia, ambayo katika nyumba nyingi za Dar es Salaam, Mombasa na hata Unguja imewekwa huko kwa sababu huko ndiko kuliko na bomba na tundu la kutolea maji. Fungua mlango wake, ingiza pua, vuta pumzi. Ukisikia uvundo kama wa kitambaa cha jikoni kilichosahauliwa kwenye ndoo, basi mazungumzo haya ni yako.

Wengi hushangaa. Chombo kinachopitiwa na maji na sabuni kila siku ya Mungu kitanukaje? Kwa hiyo tukisikia harufu tunasingizia nguo, tunasingizia maji ya kisima, tunasingizia sabuni kwamba siku hizi ni feki. Mashine yenyewe haishukiwi.

Mwaka 2019 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bonn, Ujerumani, walichapisha taarifa ya kisa kilichotokea katika hospitali moja ya watoto nchini humo. Katika wodi ya watoto wachanga, wengine wakiwa njiti, walianza kugunduliwa watoto waliobeba bakteria aitwaye Klebsiella oxytoca, tena wa aina iliyokwisha kuwa sugu kwa dawa kadhaa. Yakakaguliwa makasha ya joto wanamolazwa watoto, wakapimwa wahudumu, kote hakikuonekana chanzo. Mwisho wakaifikia mashine ya kufulia, si zile kubwa za kiwandani zinazofua mashuka ya hospitali, bali ya kawaida kama iliyopo kwangu na kwako. Ndiyo iliyokuwa ikifua kofia na soksi za kufuma za watoto wale. Bakteria alikutwa kwenye droo ya sabuni na kwenye mpira wa mlango. Mashine ilipoondolewa, watoto wapya hawakukutwa naye tena.

Nawaomba msishtuke kupita kiasi. Kwa bahati njema hakuna mtoto hata mmoja aliyepata maambukizi ya kumlaza hoi, na watafiti wenyewe walisema kilikuwa kisa cha pekee. Ila tazameni njia aliyopita yule bakteria. Zile soksi zilifuliwa, zikatakata machoni. Kisha yakaja maji ya mwisho ya kusuuza, maji baridi, yakapitia kwenye ile droo na kuwapeleka wadudu kwenye nguo zilizokwisha kuwa safi. Kwa mtu mzima mwenye afya hilo pengine litaishia kwenye harufu tu. Kwenye nyumba yenye mtoto wa wiki mbili, au mgonjwa mwenye kidonda kibichi, au mtu anayepata matibabu ya saratani na kinga yake iko chini, habari ni nyingine.

Sasa uchafu huo unatoka wapi? Unatoka kwetu wenyewe. Kila nguo inaingia na jasho, mafuta ya ngozi, nyuzi, mchanga na nywele. Nasi tunafua kwa maji baridi. Siwalaumu, mita ya LUKU haina huruma, na umeme mwingi wa mashine unakwenda kwenye kuchemsha maji, si kuzungusha nguo. Tena mashine nyingi za mlango wa juu tunazouziwa huku hazina hita kabisa, hata ukitaka moto huupati. Maji baridi yanaitakatisha shati vizuri tu, lakini mafuta yaliyoganda nyuma ya pipa yanayaacha palepale.

Halafu kuna povu. Tumelelewa tukiamini kwamba nguo isiyotoa povu haijafuliwa, na sabuni ya unga ya kufulia kwa mikono imetengenezwa hivyo, itoe povu jingi ili anayefua aridhike. Mimina hiyo kwenye mashine ya mlango wa mbele, inayotumia maji kidogo, nawe unakuwa umeijaza povu ambalo maji hayatoshi kulisuuza. Sabuni inabaki. Ikikutana na mafuta ya ngozi na ile dawa ya kulainisha nguo, ambayo nayo ina asili ya mafuta, unapatikana utando wa ute unaoshika kila mahali jicho lisipofika. Bakteria na ukungu hukaa humo kwa raha zao, wana chakula, wana unyevu, wana giza. Kwa hiyo anayeongeza sabuni ili kuua harufu, kwa kweli anaongeza chakula cha harufu.

Niliwahi kusimama pembeni fundi mmoja akiihudumia mashine ya jirani yangu pale Tabata, iliyokuwa imegoma kutoa maji. Akachuchumaa, akafungua kifuniko kidogo chini upande wa kulia.

“Mama, hii filta mara ya mwisho mliifungua lini?”

“Filta gani tena, fundi?”

Fundi hakujibu. Alitandika tambara, akasukumiza sinia chini yake, akaanza kuifungua taratibu, robo kwa robo, maji yakidondoka meusi. Ilipotoka ikatoka na sarafu ya shilingi mia mbili, pini mbili za ushungi, soksi ya mtoto iliyokunjamana, na fundo la nywele lililoshikana na ute wa kijivu ambao ukiuvuta unanyooka kabla ya kukatika. Jirani yangu akaziba pua kwa upande wa kanga. Kisha fundi akahamia mlangoni, akaugeuza ule mpira mnene wa mviringo nje ndani. Kwenye mkunjo wa chini palikuwa na maji yaliyolala sijui tangu lini, na madoadoa meusi ya ukungu yaliyozama ndani ya mpira wenyewe.

“Nikuletee jiki?” mama akauliza.

“Dawa baadaye, mama. Kwanza uchafu utoke.”

Neno hilo la fundi lina kemia ndani yake. Klorini iliyomo kwenye jiki haichagui. Ikikuta ute, mafuta na nywele, itaanza kupambana na hivyo na kwisha nguvu kabla haijawagusa wadudu waliojificha chini. Ndiyo sababu hata hospitalini sakafu huoshwa kwa sabuni kwanza, ndipo ikapigwa dawa. Yule fundi alitumia mswaki uliochakaa, sabuni ya kuoshea vyombo, maji ya vuguvugu na tambara. Alichomoa droo ya sabuni nzima, na hapo ndipo wengi hatufiki, kwa maana inachomoka yote ukibonyeza kile kibati cha katikati au kuinua kidogo. Akasugua na lile tundu inamokaa, dari yake hasa, kwa sababu maji hurukia juu na ukungu hupenda kuota pale asipoinama mtu kutazama. Ilimchukua chini ya saa moja, na harufu ikaondoka kabla hajafungua chupa yoyote ya dawa.

Wenye mashine za mabeseni mawili, moja la kufulia na moja la kukamulia, msidhani mmesalimika. Zenu zina feni chini ya beseni la kufulia. Nyingi zimeshikwa na skrubu moja katikati. Chomoa plagi ukutani, fungua skrubu, inua feni, ujionee kilichopo chini yake. Kile kijifuko cha wavu kinachonasa nyuzi nacho hutupwa mapema kikichanika, na kikishatupwa nyuzi zote zinabaki kuogelea na nguo. Kinauzwa kwa mafundi, bei yake si ya kuumiza.

Kwa wanaotumia maji ya kisima, hasa ukanda wa pwani ambako mwamba wa chini ni wa matumbawe, yaani chokaa, kuna adui wa pili. Angalia ndani ya birika lako la umeme. Ukoko ule mweupe ulioshika chini ndio huohuo unaoivaa hita ya mashine. Hapo jiki haisaidii kitu. Kinachoyeyusha chokaa ni uchachu, na ulio bora kwa kazi hii ni chumvi ya ndimu, ule unga mweupe mkali unaouzwa madukani. Unaweka kwenye pipa tupu, unazungusha kwa maji ya moto, halafu unasuuza mara nyingine bila kitu. Siki nayo hufanya, ingawa baadhi ya watengenezaji hawapendi itumike mara kwa mara kwa kuwa inachosha mpira. Kitabu cha mashine kina neno la mwisho. Najua, kitabu kilipotelea kwenye boksi lililochukuliwa na watoto, lakini namba ya mashine imebandikwa nyuma au mlangoni, na vitabu vingi siku hizi vinapatikana mtandaoni.

Na wale wanaochanganya siki na bekingi soda ili ifanye lile povu la kuvutia kwenye video za simu, mjue kwamba moja ni uchachu na nyingine ni kinyume chake. Zikikutana zinauana. Utabaki na maji ya chumvi na gesi iliyokwisha kupaa.

Sasa kuua wadudu. Mashine iliyosuguliwa, inayoachwa ikauke, haihitaji dawa kila wiki. Ukiwa na mashine yenye hita, mzunguko mmoja mtupu wa nyuzi 60 au 90 mara moja kwa mwezi hufanya kazi kubwa bila dawa yoyote. Dawa ina siku zake: umenunua mashine iliyotumika kutoka Dubai au Ulaya na hujui ilikuwa ikifua nini, nyumbani kumetokea kuhara au kutapika, ukungu umerudi baada ya kusugua, au unamngoja mtoto mchanga.

Kama mashine yako inaruhusu jiki, na si zote zinazoruhusu, tumia kipimo cha kitabu, pipa likiwa tupu, bila sabuni, kwa maji baridi au vuguvugu. Maji ya moto huifukuza klorini ikaishia puani mwako. Ukimaliza, zungusha tena kwa maji matupu, la sivyo kanga ya kwanza kuingia itatoka na mabaka. Mpira wa mlango upanguse kwa jiki iliyozimuliwa, acha kwa dakika kama kumi, kisha pangusa kwa maji safi. Jiki ikibaki pale inakula mpira, na hata chuma cha pua hakiipendi ikizoea kulala nayo.

Kwa nguo na mashuka ya mgonjwa, pale ambapo hakuna mashine ya maji ya moto, Shirika la Afya Duniani wakati wa UVIKO lilielekeza kuloweka kwenye klorini ya asilimia 0.05 kwa muda wa dakika 30 hivi, kisha kusuuza. Tufanye hesabu. Soma kibandiko cha chupa. Kama kinasema asilimia 3.5, basi ndoo ya lita 20 itahitaji mililita 285 hivi za jiki, maji yakijaza kilichobaki. Chupa yenye nguvu kubwa zaidi itahitaji kiasi kidogo zaidi. Na jiki iliyokaa dirishani juani miezi na miezi haina tena nguvu iliyoandikwa kwenye kibandiko, hata kama bado inanuka.

Klorini hii tuiheshimu. Mwaka 1847 daktari Ignaz Semmelweis, huko Vienna, aliwataka madaktari wanawe mikono kwa maji ya klorini kabla ya kuwahudumia wazazi, na vifo vya akina mama katika wodi yake vikapungua mno. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na mji wa Ypres nchini Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini hiyohiyo, safari hii ikiwa gesi, upepo ukaipeleka kwenye mahandaki ya wapinzani wao. Unayo chupani nyumbani. Inakaa kimiminika na kutulia mpaka mtu aichanganye na uchachu: siki, chumvi ya ndimu, au ile dawa kali ya kusugulia choo. Hapo gesi inafunguka.

Turudi basi bafuni, maana mabafu yetu yamekaa kwa namna inayoalika ajali hii. Dada wa kazi amemimina dawa ya choo sakafuni na chooni, ameiacha ifanye kazi, kama alivyoelekezwa. Wakati huohuo mashine, pembeni, inazunguka na jiki. Bomba lake la kutolea maji halikuunganishwa kwenye mfereji wake. Limelazwa tu sakafuni, au limetumbukizwa kwenye tundu la maji ya kuogea. Mashine inafika kwenye hatua ya kutoa maji. Maji ya jiki yanapita juu ya uchachu. Bafu lina kidirisha kimoja kidogo cha juu, mlango umefungwa ili harufu isiende sebuleni. Hakuna aliyekusudia kuchanganya kitu, kila mmoja alifuata maelekezo ya chupa yake. Siku ya jiki iwe ya jiki peke yake, na aliyeko nyumbani aambiwe, mama mwenye nyumba asilifiche hilo kichwani mwake.

Amonia nayo haipatani na jiki. Iko kwenye baadhi ya dawa za kusafishia vioo, na iko kwenye mkojo uliokaa. Nepi za kitambaa zilizolala usiku kucha zisuuzwe kwanza kwa maji mengi kabla ya jiki kuzigusa. Gesi itokayo hapo ni ya jamii nyingine, lakini inachoma macho na kifua vilevile. Ikitokea, usianze kutafuta tambara la kupangusia. Toka nje, toa watoto, acha milango wazi, usirudi mpaka hewa ibadilike. Anayekohoa mfululizo au kubanwa na kifua apelekwe hospitali. Jiki ikirukia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 nzima, halafu kamwone daktari. Aliyeinywa asilazimishwe kutapika, kwani kitakachopanda kitaunguza njia mara ya pili; mkimbizeni hospitali na chupa yenyewe mkononi.

Na chupa hiyo iwe ya jiki kweli. Huu mtindo wa kununua jiki ya kupima mtaani, ikamiminwa kwenye chupa ya soda au ya maji ya kunywa, kwa maoni yangu ni hatari kuliko uchafu wote wa mashine niliousema tangu nianze. Mtoto wa miaka mitatu anaijua chupa ya soda; hajui kunusa kwanza. Vile vidonge laini vya sabuni vya rangirangi vinavyofanana na peremende navyo viwekwe juu, penye kufungwa.

Umeme nitausema upesi. Kabla ya kufungua filta, kuinua feni au kuingiza mkono nyuma, plagi ichomolewe, si kuzima swichi tu. Mikono iwe mikavu. Kama mashine ilikuwa ikifua kwa moto, ngoja maji yapoe, kwa sababu filta ikifunguka yote humwagika miguuni. Ukigusa bati la mashine ukasikia mchonyoto, hata mdogo, acha kuitumia siku hiyohiyo. Waya wa ethi haupo au haushiki, na hilo ni la fundi umeme.

Umeme ukikatika katikati ya kufua, ambalo si jambo geni kwetu, usiache nguo zilale humo hadi kesho. Kama mashine yako ina kibomba kidogo cha dharura karibu na filta, toa maji kwa hicho, kidogokidogo, kwenye sinia. Kisha toa nguo. Maji machafu yaliyolala usiku mmoja kwenye joto la Dar yanarudisha kazi yote ya usafi nyuma.

Baada ya kila kufua, pangusa mkunjo wa mpira, vuta droo iwe nusu wazi, acha mlango ukiwa umeegeshwa. Hapa wenye watoto wadogo wanabishana nami, na wana haki, kwa kuwa mtoto hulipenda pipa lile la duara na anaweza kujifungia humo. Basi funga mlango wa bafu kwa komeo la juu, na kabla ya kuiwasha mashine wakati wowote tazama ndani.

Limebaki la kuanika. Masika yakikaza, nguo huanikwa barazani, chini ya mti, au zinakaa mbichi kwenye beseni mpaka jioni. Kuna nzi, huyu anayejulikana kwa funza wake wanaoingia kwenye ngozi, ambaye hutaga mayai kwenye nguo mbichi zilizo kivulini. Mashine ingekuwa safi kiasi gani, haimzuii. Anika juani panapowezekana, na nguo zilizokauka kivulini, za ndani na za mtoto hasa, zipigwe pasi ya moto pande zote mbili, pamoja na mishono na mpira wa kiuno ambako pasi huwa tunairusha.